Nguzo Iliyoshikwa kwa Nyuma

Adhana ya magharibi ilikuwa bado robo saa Mualla alipovua viatu mlangoni mwa ule msikiti wa kale wa Edirne. Alikuja kuzungusha nguzo tu, kisha arudi akapike dengu.

Ni nguzo ndogo ya marumaru, imesimikwa ukutani kando ya mihrabu. Mafundi wa masultani waliiweka makusudi: ikizunguka, jengo ni zima, ikigoma, msingi umehama. Tangu Ruhi, mume wa Mualla, atengeneze msingi na kufa siku hiyohiyo, nguzo imegoma. Kesho wakaguzi wanakuja, na mji mzima umeshaamua kwamba Ruhi alilipua kazi.

Mualla aliinua macho. Kuba kubwa lilikuwa limeegemea makuba madogo kama ndugu wanaobebana, na mwanga wa mwisho ulipita kwenye vioo vyekundu ukatua juu ya vigae vya maua. Ruhi alilipenda jengo hili kuliko usingizi. Alilipue? Upuuzi mtupu!

"Dada Mualla, usiiguse saa hizi," alinong'ona Bekir, mtunza msikiti. "Marehemu alimimina madini ya risasi yaliyoyeyuka kwenye vyuma vya msingi bila kuwaomba ruhusa wenyewe, wale wasioonekana wa chini ya ardhi. Fundi gani hasemi 'kwa ruhusa yenu'? Mumeo alicheka."

"Alicheka kwa sababu alikuwa na kazi. Kaa kando, kaka."

Akaishika. Haikutikisika.

Harufu ya risasi ya moto ikapanda... kisha ya ngozi iliyoungua.

Akapenyeza vidole nyuma ya nguzo, kwenye upenyo usiomtosha hata mjusi.

Vidole vyake vikakuta vidole.

Vya moto. Vyenye makovu.

"Alituunguza..." ukuta ukanong'ona.

Aliogopa, tena sana. Lakini hasira ilikuwa imetangulia kufika.

"Yeye mmeshamchukua," akasema, meno yameumana. "Jina lake hamlipati. Achia!"

Akavuta kwa uzito wake wote.

Krrr...

Ikazunguka.

Kesho yake mkaguzi aliizungusha kwa kidole kimoja, akaandika kwamba msingi ni mzima. Mji ukafunga mdomo. Bekir anasema lililoikwamisha ni vumbi tu, ila haisogelei.

Mualla huja kuizungusha kila Ijumaa. Kila Ijumaa huwa nzito kuliko iliyopita, na marumaru yake huwa ya moto. Wiki jana alikuja na binti yake.

"Shika hapa," alimwambia. "Na usiombe radhi."