Injini Iliyogonga Baada ya Oili Mpya

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajapanga ndoo zao mlangoni, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alifagia chumba cha mashine ya kusaga ya mama yake. Nyumbani walimwita Bi Ndoto, na jina lilimkaa kweli kweli. Mwanga ulipopenya dirishani, vumbi la unga lilielea polepole, naye alisimama na ufagio mkononi akisafiri nalo hadi nchi ambako watoto hawafagii.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya kubadilisha oili ya injini ya dizeli. Filta ilikaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, mahali ambapo kichwa cha mjomba wake, fundi, hakikuingia hata kwa dawa. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao: mjomba alifungua kwa kupapasa, Bi Ndoto aliangalia, na kila hatua iliulizwa kwa sauti.

"Filta ya zamani hiyo imetoka," alisema mjomba. "Pete yake ya mpira imetoka nayo? Umeona?"

"Nimeona," akajibu Bi Ndoto.

Hakuwa ameona chochote. Alikuwa akitazama oili chakavu ikishuka kwenye beseni, nyeusi, laini, bila haraka, na mawazo yake yalishuka nayo.

Wakafunga filta mpya, wakamimina oili mpya, injini ikawashwa. Ilinguruma vizuri kwa dakika chache. Ghafla mshale wa kipimo cha oili ukaanguka, injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko, na mjomba akairukia kuizima.

Mama akaingia mbio. "Ni hiyo oili! Yule jirani ametuuzia oili feki. Leo atanitambua! Injini hii ikifa tutakula nini?"

"Subiri, dada yangu. Injini haisemi uongo, tuiulize kwanza." Mjomba akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa karibu kikavu. Akamulika tochi nyuma ya injini, akaona dimbwi sakafuni. "Inavujia kwenye filta. Lakini nimeikaza mwenyewe!"

"Basi na filta yake ni feki," mama alisema, na tayari alikuwa mlangoni.

Bi Ndoto akakumbuka swali la pete. Angenyamaza, nani angejua? Lakini muuza oili alikuwa mzee mpole, na sasa angetukanwa mbele ya watu kwa kosa ambalo si lake. Msichana akaiokota filta ya zamani kwenye debe la vyuma, akaigeuza. Mfereji wa pete ulikuwa mtupu.

"Mama, usiende! Nilisema nimeona, kumbe sikuangalia. Pete ya zamani haikutoka."

Mjomba akairudia injini. Akafungua filta mpya, akapapasa kwa kucha mahali inapokaa kwenye injini, na akabandua pete nyembamba iliyolalia pale kama ganda la chungwa. "Pete mbili zikikaa pamoja hazishiki," alieleza. "Oili ikisukumwa, hupenya katikati. Bahati tumeizima mapema. Ingezunguka kidogo zaidi, vyuma vingelana."

Mama akaenda kwa muuzaji yule yule kununua oili nyingine, safari hii kwa upole. Aliporudi, Bi Ndoto alikuwa amesafisha pale pa filta kwa kitambaa na kupaangalia mara tatu. Mjomba akaifunga filta, akamimina oili, injini ikawashwa. Wote watatu walisikiliza, na haikugonga.

Bi Ndoto alisubiri kugombezwa, machozi yakimlengalenga. Mama akamvuta karibu.

"Kuota si kosa, mwanangu. Hata mashine hii niliiota miaka mingi kabla sijaipata. Lakini ukiulizwa, rudi kwanza ulikokwenda, uangalie, ndipo ujibu. Na kama hukuona, sema hukuona, hakuna atakayekung'ata. Leo umechelewa kuusema ukweli, lakini umeusema kabla sijamvunjia heshima mtu asiye na hatia. Huyo mzee ameniuliza injini inaendeleaje, nami nikakosa pa kuweka macho."