Mtoto Asiyehesabiwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Haruna na mdogo wake Mwanvua waliteremka mwaloni Ujiji, ufuoni mitumbwi inapotia nanga, kumsaidia mama yao kuanika dagaa. Mama Zaitun aliwanunua dagaa hao kwa wavuvi waliokesha ziwani na karabai zao. Aliwamwaga mchangani, na watoto wakawatandaza kwa mifagio mpaka ufuo ukang'aa. Kwa kazi hiyo Mwanvua, mwenye umri wa miaka tisa, hakuwa na mpinzani. Hata kunguru walimwogopa. Haruna alikuwa na miaka kumi na miwili na, tuseme ukweli, alikuwa mvivu kidogo. Mwanvua akimwona amekaa, alimrushia mchanga mgongoni, akakunja uso na kuonyesha ufagio kwa kidole.

Hakumsemesha kwa sababu hakuwa akisema. Alipokuwa mdogo aliugua homa kali, na alipopona hakusikia tena. Nyumbani waliongea naye kwa mikono. Kushika kidevu kulikuwa baba, kwa sababu ya ndevu zake. Kuzungusha mkono kichwani kama mtu anayefunga kitambaa kulikuwa mama. Haruna jina lake lilikuwa vidole viwili mbele ya midomo, kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa marefu. Jina hilo Haruna hakulipenda hata kidogo, lakini Mwanvua hakutaka kulibadilisha.

Nje ya nyumba yao hakuna aliyejua habari hizo. Walikuwa wamehamia mtaa ule karibuni tu kutoka Uvinza, na baba yao, Mzee Athumani, mkamuaji wa mawese, aliwaonya wote.

"Tuna mabinti wengine wa kuoza," alisema. "Watu wakisikia nyumba hii ina bubu, nani atakuja kuposa? Mambo ya ndani yabaki ndani."

Basi mtu akiuliza, mama alijibu kwamba Mwanvua ni mtoto wa ndugu. Haruna yeye alikwenda mbali zaidi.

Miaka ile vita vilikuwa vikiwaka ng'ambo ya ziwa. Watu walivuka kwa mitumbwi kutoka Kongo, wengine wakaja kwa miguu kutoka Burundi. Wengi walipelekwa kambini, lakini wapo waliobaki mjini, wakilima na kuchota maji kwenye nyumba za watu. Mtoto asiyejibu salamu hakumshangaza mtu. Watu walidhani hajui Kiswahili tu. Kwa hiyo siku moja Oswald, aliyekuwa akikaa dawati moja na Haruna, alipouliza, "Yule binti wa kwenu mbona hasalimii?" Haruna alijibu bila kufikiri.

"Mkimbizi yule. Mama anamlea tu."

Uongo huo ulimtoka laini kama mlenda, na darasa zima likauamini.

Jumatano moja Mwalimu Veneranda aliingia darasani, akaweka chaki mezani bila kuandika kitu.

"Leo nina swali," alisema. "Mkoa wetu hauna shule ya serikali ya watoto viziwi. Mwenye uwezo humpandisha mwanawe treni akasome mkoa mwingine. Asiye na uwezo humwacha nyumbani mpaka anazeeka. Nimeomba madarasa mawili yaliyo wazi pale Buzebazeba, tuanze nayo. Mkoani wameniuliza jambo moja tu: hao watoto wako wapi? Jumamosi Bwana Dismasi, ofisa elimu, atakuja kuwaona kwa macho yake. Asipowaona, madarasa yatageuzwa ghala na habari itakuwa imekwisha. Nani anamjua mtoto asiyesikia?"

Haruna akayaangalia magoti yake. Mara Oswald akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa kina Haruna yuko mmoja. Mkimbizi. Haongei kabisa."

Mwalimu Veneranda akamgeukia Haruna, na uso wake ukachangamka. "Hata awe mkimbizi, nitampokea. Mtoto ni mtoto. Utamleta?"

Haruna alimwona moyoni baba yake na ndevu zake, akawaona wenzake wote wamegeuza shingo. "Wameshaondoka, Mwalimu," akasema. "Wamekwenda kambini."

"Mbona leo asubuhi nime..." alianza Oswald. Haruna akamkanyaga mguu chini ya dawati, Oswald akanyamaza. Mwalimu alishusha pumzi na kurudi kwenye chaki yake. Haruna hakuelewa chochote katika somo la siku ile.

Kesho yake likatoka agizo kwamba kila mkimbizi anayeishi mjini apelekwe kambini. Askari walipita mitaani na lori. Walifika mwaloni mchana, wakati mama Zaitun amepeleka dagaa sokoni na Mwanvua amebaki peke yake akiwalinda na kunguru.

Haruna alibaki nyuma kwa zamu ya kufagia darasa, na alipotoka shule alimkuta Oswald njiani, anahema.

"Wamemchukua yule mkimbizi wenu! Askari alimuuliza jina, kimya. Akamuuliza nyumbani ni wapi, kimya. Akatuuliza sisi, nami nikamwambia ni mkimbizi, anakaa kwenu. Si ndivyo ulivyosema?"

Oswald hakuwa na kosa lolote. Alikuwa amesema alichoambiwa. Haruna alikimbia mpaka sokoni, akamshika mama yake mkono mbele ya wateja, akamweleza yote huku machozi yakimtoka. Mama Zaitun aliacha dagaa, mizani na kila kitu.

"Mwanangu mimi!" alisema, wakakimbilia kiwanja cha mpira.

Huko ndiko watu walikokusanywa. Malori yalikuwa yamepangwa golini, na watu walikaa na mabunda yao, masufuria, na kuku waliofungwa miguu. Mwanvua alikuwa juu ya lori la kwanza, amewapa mgongo. Kando yake alikaa mama mmoja Mrundi aliyemfunika khanga na kumpa kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Aliyesimamia lori alikuwa Afande Feliksi, mtu mrefu mwenye sauti iliyokwisha kukauka kwa kupiga kelele.

"Shikamoo, Afande," Haruna alisema. "Yule pale ni mdogo wangu. Siyo mkimbizi."

"Marahaba. Leo kila mtu ana mdogo wake humu," alijibu Afande bila kumtazama. "Watoto wa mwaloni wamesema ni mkimbizi."

"Mimi ndiye niliyewaambia."

Afande sasa akamtazama. "Kumbe. Basi ama ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo. Nimwamini yupi?"

Mama Zaitun akaanza kuapa kwamba huyo ni binti yake wa kumzaa, lakini Afande akamwinulia mkono. Alikuwa ameshasikia viapo vingi tangu asubuhi. "Mwite kwa jina basi."

"Hasikii, Afande," mama alisema. "Ni kiziwi."

"Oho! Sasa tena hasikii."

Haruna aliliendea lori, akapiga ubao wake mara mbili kwa kiganja, kama walivyopiga kitanda nyumbani kumwamsha. Mwanvua aliusikia mtikisiko mwilini, akageuka. Alipowaona uso wake ulikunjuka, kisha ukakunjika kwa hasira. Mikono yake ikaanza kwenda mbio: mbona mmechelewa, dagaa wameachwa, kunguru watakula wote, na wewe meno marefu ulikuwa wapi muda wote huu?

Afande Feliksi aliitazama ile mikono kwa muda. Kisha akamvuta mama Zaitun kando, wakanong'ona, akarudi.

"Muulize jana usiku nyumbani mlikula nini, nawe uniambie anachojibu. Yote."

Haruna akauliza kwa vidole. Mwanvua akajibu: ugali wa muhogo. Samaki, migebuka. Mchuzi wa mawese. Haruna akatafsiri moja moja, na Afande akawa anaitikia kwa kichwa. Lakini Mwanvua hakuwa amemaliza. Alishika kidevu, akaonyesha kipande cha samaki, akachora masharubu ya paka na kutikisa kichwa kwa nguvu. Halafu akaweka vidole viwili mbele ya midomo.

Haruna alimtupia mama yake jicho.

"Amesema nini?" aliuliza Afande.

Kusema "paka" kungekuwa rahisi. Nyumbani kila mtu aliamini ni paka, na Haruna mwenyewe ndiye aliyewaaminisha. Lakini uongo mwepisi wa namna hiyohiyo ndio uliompandisha mdogo wake kwenye lori.

"Anasema... kipande cha mgebuka alichowekewa baba hakikuliwa na paka. Nilikila mimi."

"Wewe!" mama Zaitun aliruka. "Na mimi nimempiga paka wa watu bure!"

Afande Feliksi alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ubavu, na watu wa kwenye lori waliofahamu Kiswahili wakacheka pia.

"Mama yako kaniambia ni paka," alisema akijifuta macho. "Ungetaka kunidanganya, ungesema paka nawe, ukalinda ngozi yako. Mtoto wa watu hajui nani kala kitoweo cha baba. Mshusheni huyu binti."

Mama Zaitun alimpokea Mwanvua mikononi kama mtoto mchanga. Kisha akamrudishia yule mama Mrundi khanga yake. "Urakoze, dada. Mungu akulipe," akamshukuru kwa Kirundi chake kidogo. Yule mama alitabasamu kidogo, akajifunga khanga, akabaki kwenye lori. Kwake hakukuwa na mtu wa kuja kumshusha. Haruna alimtazama akaona aibu, maana kwa muda wote ule alikuwa akilitumia neno mkimbizi kama takataka ya kumtupia mtu.

Jioni Mzee Athumani alirudi kutoka shambani akakuta nyumba imejaa majirani. Alisikiliza mpaka mwisho. Haruna alingoja fimbo, lakini haikuja.

"Lori lingeondoka," baba alisema taratibu, "ningekwenda kambini kuuliza nini? Ningesema natafuta mtoto ambaye sijawahi kumwambia mtu kwamba ninaye?" Akafunika uso kwa viganja. "Uongo wa Haruna mimi ndiye niliyeupalilia."

Kesho yake Haruna alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mwalimu Veneranda, akamweleza kila kitu, pamoja na lile la kambini. Mwalimu alikasirika hasa.

"Simama nje kwanza," alisema, "nisije nikakuchapa kabla sijafikiri."

Alipomwita ndani alikuwa amevaa viatu vya kutembelea. "Ulimi ulioharibu utatengeneza. Twende nyumba kwa nyumba. Mimi nitabisha hodi, wewe utasimulia habari ya lori."

Haikuwa kazi ndogo. Nyumba ya kwanza walifungiwa mlango. Ya pili waliambiwa, "Hapa hakuna kitu kama hicho," wakati mtoto anachungulia dirishani. Lakini Haruna alisimulia, akasimulia tena. Hakuruka uongo wake wala mgebuka. Katika mtaa wa Katubuka, bibi mmoja alimsikiliza akiwa ameshika shavu, kisha akainuka polepole, akaenda chumba cha nyuma, akarudi amemshika mkono mjukuu wake wa kike. "Anaitwa Ummy," alisema. "Jumamosi saa ngapi?"

Jumamosi Bwana Dismasi alishuka kwenye gari akitazama saa yake, kama mtu aliyekuja kufunga shauri. Alipoingia darasani Buzebazeba alisimama mlangoni. Viti havikutosha. Watoto walikuwa wamekaa mpaka sakafuni, na wazazi wamejipanga ukutani.

"Mimi niliandikiwa kwamba mkoa huu hauna watoto viziwi," alisema.

"Hatukuwa nao kwa sababu tuliwaficha wenyewe," alijibu Mwalimu Veneranda. "Wazazi, mtajeni kila mmoja wa kwake."

Mzee Athumani akajitoa ukutani, akavua kofia.

"Huyu ni Mwanvua binti Athumani," alisema. "Hasikii. Ni wangu."

Bibi wa Ummy akafuata, kisha mwingine, kisha sauti zikawa zinapokezana. Dirishani Oswald alikuwa amening'inia kusikiliza. "Kumbe mdogo wako!" alinong'ona. "Tumbo moja," alijibu Haruna, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Bwana Dismasi hakutazama saa tena. "Madarasa ni yenu," alisema. "Mtaanza Januari, na nitaomba mwalimu wa lugha ya alama. Kwa watoto wa mbali tutatafuta bweni."

Vigelegele vilipotulia, Mwalimu Veneranda aliwageukia wazazi na wanafunzi waliokuwa dirishani.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Uziwi si aibu, wala ukimbizi si aibu. Aibu ni kumkana mtu wako. Haruna alisema uongo mdogo ili asichekwe, na nusura apoteze mdogo wake, nasi tupoteze shule. Serikali haiwezi kumjengea darasa mtoto ambaye kwao wanasema hayupo. Mkitaka wenu wasaidiwe, semeni kweli kwamba wapo."

Mama Zaitun alitaka kumchukua Mwanvua warudi nyumbani, lakini Mwanvua alikataa kuinuka. Alikuwa ameketi magoti kwa magoti na Ummy, na mikono ya wote wawili ilikuwa ikienda kasi hewani. Tangu azaliwe hakuwahi kukutana na mtoto mwingine kama yeye.

"Wanazungumza nini?" Bwana Dismasi alimuuliza Haruna.

Haruna alitazama, akatazama tena. Ishara za Ummy zilikuwa za nyumba nyingine. "Sijui, Bwana," alikiri. "Nadhani hata wao bado hawaelewani."

"Basi ndiyo maana tunataka shule," alisema Mwalimu Veneranda, akaenda kuwafungulia madirisha yote wapate mwanga.