Chumba cha Miradie

Hadi leo hakuna aliyeweza kueleza jinsi kitanda kile kilivyogeuka, wala mimi ninayesimulia sijaweza. Chumba kilikuwa kidogo, upana wake haukufikia urefu wa kitanda. Norbert aliunga kitanda humo humo ndani, kichwa dirishani, akazipaka skrubu rangi nyeupe. Kukigeuza kulihitaji kukifungua chote. Lakini jioni moja ya Novemba 2003 alirudi kutoka kazini akakuta kichwa kiko mlangoni, na rangi juu ya skrubu haina hata ufa.

Chumba kilikuwa cha Miradie, binti wa Norbert na mkewe, Thérèse; mtoto alikuwa hajawahi kukiona. Walimwacha kwao Uvira, kwa bibi yake, akiwa ndio kwanza anaanza kusema. Walipopata nyumba Thamesmead, huku Ulaya, karatasi za kumleta zikawa hazitoki. Thérèse, aliyesafisha maofisi jioni, hakuwa na la kufanya juu ya karatasi. Juu ya chumba alikuwa nalo. Alibandika ukutani vipepeo, akashona pazia, akapanga viatu vidogo chini ya kitanda, na kila mwaka akavibadilisha kwa vikubwa zaidi.

Kwao, kitanda cha mtu aliye mbali hakitandikwi. Godoro husimamishwa ukutani mpaka mwenyewe afike. Thérèse alilijua hilo, ila godoro lililosimama lilimfanya aone kama mtoto amekufa. Akalilaza, akalitandika. Na kila alipotoka kwenda kazini alisimama mlangoni akasema, "Lala salama, Miradie." Nani atamlaumu?

Siku moja, giza la baridi likiwa limeshaingia alasiri, chumba kikajibu.

"Na weye, mama."

Ilikuwa sauti ile ile ya utotoni, ya ulimi mzito. Thérèse hakukimbia. Alilia, na kesho yake akasema tena, akajibiwa tena. Hakumwambia mumewe.

Sasa, jioni hiyo ya Novemba, mkewe akiwa na mapumziko, Norbert alisimama mbele ya kitanda kilichogeuka, akaita, "Mama Miradie! Nani aliingia humu?" maana ndivyo walivyoitana, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Niko hapa, papa," ikasema sauti kutoka kwenye mto.

Alirudi nyuma mpaka akamgonga mkewe. "Umesikia?"

"Nasikia tangu zamani," Thérèse alinong'ona. "Ni yeye, Papa Miradie."

"Niko hapa," sauti ikasema.

"Usiniite!" Norbert alimwambia mkewe. "Nakuomba, usiniite."

Tangu hapo nyumba ikawa ya watu wanaoonyeshana kwa vidole, kwa sababu kila walipojisahau wakaitana kama walivyozoea walijibiwa, kwanza kutoka kitandani, kisha kutoka nyuma ya mlango, kisha kutoka kwenye ujia karibu kabisa na sikio, na harufu ya nywele za mtoto zilizolowa ilitangulia kila jibu, na viatu walivyoviacha chini ya kitanda walivikuta vimeelekezwa kwenye mlango wa chumba chao wenyewe.

Ndipo karatasi zikatoka. Miradie angefika Jumamosi. Lakini bibi alipopiga simu hakufurahi.

"Mtoto huyu ana nini?" aliuliza. "Tunamwita, haitiki. Anatuangalia tu, kama tumemwita mtu mwingine."

Thérèse aliangusha simu.

Walimwita Mama Angélique, kiongozi wa maombi wa kanisa lao. Aliingia chumbani akasali mpaka sauti ikamkauka. Alipotoka alikaa chini sakafuni.

"Hatoki," alisema. "Anasema hakujileta. Ametandikiwa, amenunuliwa viatu, ameitwa. Nimtoe kwa haki gani?"

"Haki ya nyumba!" Norbert alisema. "Hata kodi halipi!"

"Ingia umwambie mwenyewe basi, Papa..." Mama Angélique akajiziba mdomo kabla ya jina. Kisha akasema polepole, "Ameshika jina. Akiendelea kulivuta, atamvuta na mtoto mwenyewe. Mwachieni. Mtoto mpeni lingine, na hili lisisemwe tena na mtu."

"Nilimzaa nikiliita," Thérèse alisema.

"Najua, mama."

Wakakubaliana hivyo. Mtoto angeitwa Laurette na angelala na wazazi wake. Kumwambia hilo, Thérèse alisema hawezi. Mdomo wake ungemsaliti. Jumamosi asubuhi Norbert alipigilia mbao mlango wa chumba, akaenda uwanja wa ndege peke yake.

Mtoto alitoka amevaa koti kubwa kuliko yeye. Norbert alipiga magoti mbele yake.

"Huku Ulaya," alisema, "utaitwa Laurette. Lile jingine tusiliseme tena. Umenielewa, mama?"

Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa maswali.

"Ndiyo, papa," mtoto alisema. "Lile silikumbuki."

Norbert akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akamshika mkono, akampeleka nyumbani.