Mkia wa Kisu cha Kibacha

Zama zile misafara ya pembe ilipokuwa ikipita chini ya milima ya Upare, kilima cha Kindoroma kilijulikana kwa mambo mawili: chuma chake na ukaidi wa watu wake. Chuma walikipata kwa kuosha mchanga mweusi wa mitoni na kuuyeyusha kwa makaa. Ukaidi walizaliwa nao.

Ukaidi huo ndio uliomkasirisha Mbarika, mbabe wa nyikani mwenye magobori. Alidai apewe vijana wa kuuza kwa wenye misafara, akanyimwa. Basi akaiziba njia ya pekee ya kushukia bondeni, akakaa kitako na jeshi lake, akaiachia njaa imfanyie kazi. Njaa nayo haikumwangusha. Kufikia siku hizo, watu wa Kindoroma walikuwa wakichemsha mizizi na kuwadanganya watoto kuwa ni viazi.

Palibaki tumaini moja. Nyuma ya kilima palikuwa na jabali refu lililofunikwa na msitu, mahali ambapo Mbarika hakuweka ulinzi ila wapelelezi wa kuzungukazunguka. Kavumo, mkuu wa vijana wa vita, alikusudia kushuka na wenzake kwa upande huo, watokee nyuma ya kambi, wateketeze chakula na baruti. Mikuki ingewakwamisha mitini. Kila mmoja angebeba kisu tu, kisu kipana cha porini, cha kufyekea na kupigania, na zaidi ya yote cha kuning'inia. Penye mwamba mtupu mtu hukichomeka ufani, akaushika mpini kwa uzito wake wote, akatafuta pa kutia mguu.

Mhunzi Kibacha alifua kisu cha kwanza. Kikikubaliwa, vingine vingefuliwa kwa mfano wake. Hapo ndipo ilipoingia mila ya Kindoroma, ambayo majirani waliicheka sana: kisu kilipimwa na mtu anayemchukia aliyekifua. Rafiki angeweza kufumba macho, lakini hasimu asingefumba hata moja.

Na hakuna aliyemchukia Kibacha kama Nakijwa, dada yake Kavumo. Mumewe, Sengondo, mrina asali, alianguka kwenye jabali lile lile. Walipomwokota, mpini wa kisu cha Kibacha ulikuwa bado umo ngumini mwake. Chuma hakikuwemo. Kibacha akasema marehemu alikuwa akikitumia kisu kama mtaimbo. Tangu maneno hayo, Nakijwa hakumwitikia salamu tena.

Walitoka asubuhi, Nakijwa na kisu, Kibacha nyuma yake mikono mitupu, maana mila ilimtaka mhunzi aihatarishe roho yake kwa kazi yake mwenyewe. Nakijwa alikuwa amevaa ngozi laini ya mbuzi, na vikuku vyake vya chuma alivifunga kwa gome la mti visilie.

Alianza kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake. Vikatoka bila kuvutwa. Akalaza kisu kwenye kigogo cha mloliondo, mti mgumu unaotia mapengo mashoka, akakigonga mgongoni kwa rungu mpaka kigogo kikapasuka. Akayatazama makali dhidi ya mwanga, hayakuwa na pengo. Akaubana ubapa katika panda ya mti na kuukunja kwa nguvu zake zote. Alipoachia, ukarudi ulivyokuwa. Alikasirika. Alikuwa amekuja kutafuta kosa, na kosa lilimkimbia.

"Umeona mwenyewe, mama," Kibacha akanena.

"Nimeona ubapa," Nakijwa akajibu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu msiba. "Twende jabalini."

Walikuwa wamefika ukingoni waliposikia sauti za watu. Wapelelezi wa Mbarika walikuwa wakija kwa njia ile ile ambayo Nakijwa alikuwa ameifyeka kwa kisu, wakicheka. Hapakuwa na kichaka cha kutosha watu wawili. Nakijwa alishuka chini ya ukingo, akakichomeka kisu ndani ya ufa wa mwamba, akaushika mpini. Kibacha akashuka kando yake, ameshika mzizi. Juu yao nyayo zikasimama.

Mzizi ukang'oka.

Hakupiga kelele, na kwa hilo tumpe haki yake. Nakijwa alimdaka kifundo cha mkono akiwa keshaanza kuporomoka. Sasa watu wawili walining'inia kwenye kisu kimoja, na chini yao vilele vya miti vilionekana vidogo kama mboga bustanini. Ilikuwa kazi ndogo kufungua vidole. Nani angemuuliza? Alitamani kufanya hivyo, tusifiche, alitamani kwa moyo wake wote. Kisha akasikia kitu ndani ya kiganja chake. Mpini ulicheza. Ulicheza kidogo sana, kama jino la mtoto linalokaribia kutoka. Hivi ndivyo Sengondo alivyosikia, akawaza. Alisikia hivi hivi, kisha basi.

Wapelelezi wakabishana kuhusu tumbaku, wakaenda zao. Kibacha akapata pa kutia mguu. Walipopanda juu, alikumbatia ardhi, halafu akacheka na kulia kwa pamoja.

"Kimebeba watu wawili," akasema. "Wawili! Sasa hata wewe huna la kusema."

Barazani kwa Mfumwa Sekiete, mtawala wa Kindoroma, watu walikuwa wamekwisha kusikia kuwa kisu kimebeba wawili. Kavumo alikuwa amejifunga mkanda tayari. Kwa mila, mpimaji akimrudishia mhunzi kisu kwa mpini, kimekubaliwa. Akimrudishia kwa ncha, kimekataliwa. Nakijwa akasimama mbele ya Kibacha, akamwelekezea ncha.

Baraza likavuruguka.

"Dada, tunakufa njaa," Kavumo akasema kwa sauti ya chini. "Chuki yako iweke kando leo."

"Ubapa ni mzuri kuliko wote niliowahi kuushika. Mpini unacheza."

"Umewabeba wote wawili," Mfumwa akanena. "Mhunzi ameapa, nawe hukukana. Nakijwa, tulikuchagua kwa kuwa unamchukia. Sasa nitajuaje kama ni wewe unayesema au ni chuki?"

Hapo mila ikaonyesha ufa wake, ambao wazee hawakuwahi kuufikiria: hasimu akisifu huaminiwa mara moja, lakini akikataa, nani amwamini? Nakijwa akawatazama watu wake mmoja mmoja. Hakuona hata uso mmoja uliokuwa upande wake.

"Pasueni mpini," akasema. "Mkia wa chuma ulioingia ndani yake ukifika mwisho wa mpini, nifukuzeni kilimani, nikajitafutie kwa Mbarika. Nitakwenda."

Mfumwa akasita, kisha akampa ishara Kavumo. Mpini ukapasuliwa. Mkia wa chuma uliishia usawa wa kidole cha pili; kilichobaki kilikuwa mti mtupu na gundi.

Kibacha alikuwa akitazama miguu yake.

"Tangu njia izibwe chuma hakitoshi, Mfumwa," akasema mwishowe. "Nilitaka kila kijana apate kisu. Nikapunguza pale pasipoonekana."

"Na cha Sengondo?" Nakijwa akauliza. "Wakati ule chuma kilikuwepo."

"Kile nilikifanyia haraka," mhunzi akasema.

Nakijwa akalifungua gome mkononi, akavua vikuku vyake, akavitupa miguuni pa mhunzi. "Basi hiki hapa chuma. Safari hii usiwe na haraka." Wanawake wengine wakamfuata. Wakavua njuga, vikuku, hata pete, mpaka rundo likawa kubwa, na mivukuto ikaanza kupuliza.

Vijana walioshuka walikuwa wachache kuliko ilivyopangwa, maana visu vilikuwa vichache. Lakini walishuka, na kesho yake moshi mzito ukaonekana juu ya kambi ya Mbarika, na mlio wa baruti ukatikisa mabonde. Jeshi lisilo na chakula halikungoja kuambiwa liondoke.

Kavumo alirudi akichechemea, akamwekea dada yake kisu mapajani. Mpini ulikuwa umepasuka vipande na kudondoka wote jabalini, nusu ya njia. Kilichobaki ni chuma, chembamba, kirefu, chenye damu ya kiganja chake. "Niliushika mkia," akasema. "Ulinikata, lakini haukuniacha."

Nakijwa akakifunika kisu kwa upindo wa ngozi yake, akalia jinsi ambavyo hakulia siku ya mazishi ya Sengondo.

Baadaye Kibacha akaja, akapiga magoti mlangoni pake. "Mama, nimekuja kuomba msamaha."

Nakijwa alimtazama sana. Hasira ilikuwa imepungua. Alishangaa kuona imepungua.

"Nikikusamehe," akasema, "nani atapima visu vyako?"

Akafunga mlango, taratibu.

Jina la Mbarika halikumbukwi tena milimani, na kaburi la mhunzi limemezwa na msitu. Lakini inasimuliwa kwamba tangu hapo hakuna kisu kilichotoka Kindoroma bila mkia wake kuchomoza nje ya mpini na kukunjwa, ili kila anunuaye aone mwisho wa chuma kwa macho yake. Kile kipande kilichokunjwa wahunzi walikiita nakijwa. Na mnunuzi alikigusa kwanza kwa kidole, kabla hajauliza bei.