Mti wa Kijitoni

Jumamosi ile nilikuwa nimeloweka sare za shule za watoto, mdogo wangu alipoingia uani, matope hadi magotini, akaomba chai. Alikuwa kwenye kikundi cha vijana waliokuwa wakizuia msitu wetu usikatwe. Walikuwa wakipigilia miti misumari mirefu ili msumeno ukiigusa uharibike. Kila mti wenye msumari waliupaka alama nyekundu, usawa wa kifua, ili mkataji aione na kuuacha. Nilishamwambia msitu haujamwajiri. Tena mkataji mwenyewe alikuwa shemeji yake, mume wangu. Kila jioni walikula sahani moja bila kuongelea kazi.

Chai hakuinywa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mti wa mwisho, ule mkubwa wa kijitoni, aliupigilia lakini hakuupaka. Rangi ilikuwepo. Alikimbia.

"Ulikimbia nini?"

"Dada, nilipogonga mara ya mwisho, mti ulivuta pumzi."

Ningecheka. Lakini mume wangu alikuwa ameshaondoka na msumeno wake wa mashine, na siku hiyo walikuwa wanaanzia kijitoni. Mnyororo wa msumeno ukikatikia kwenye msumari humrudia mkataji usoni. Nilimpigia simu, haikupatikana. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikamwambia achukue kopo la rangi, twende.

Nje jua liliwaka. Ndani ya msitu kulikuwa na baridi, na hakuna ndege aliyelia. Misumeno tuliisikia kwa mbali. Kisha ikazimika, yote kwa pamoja.

Mume wangu tulimkuta mzima, amesimama mbele ya ule mti, msumeno chini. Alipoona kopo alituuliza tumefuata nini, maana mti ulikuwa umeshapakwa.

Kweli. Alama nyekundu, mbichi, ikichuruzika. Kopo lilikuwa mkononi mwa mdogo wangu, limefungwa.

Alipapasa gome akitafuta msumari. Hakuna. Hata tundu hakuna. Akashika kifua.

"Dada," alinong'ona, "kuna kitu kimeingia."

Hospitali walimpiga picha. Daktari aliitazama kwa muda mrefu, akauliza msumari umeingiaje bila jeraha. Ulikuwa umelala kando ya moyo. Akasema lazima wampasue. Nilikubali. Mimi mizimu siiamini, na mgonjwa hutibiwa.

Asubuhi nesi alimvua fulana kumwandaa. Akarudi nyuma. Katikati ya kifua, alama nyekundu. Aliisugua kwa spiriti, ikatoka. Alipogeuka kuchukua pamba nyingine, ilikuwa imerudi. Mbichi.

Mdogo wangu alinishika mkono.

"Unajua maana yake. Waambie wasikate."

Nikamrudisha nyumbani.

Yuko hai. Anakula, anaongea kidogo. Mume wangu aliacha kazi ile. Tukinyamaza mezani, kila mdogo wangu anapovuta pumzi tunasikia kitu kikilalamika, kama mbao inayokanyagwa.

Jana nilienda kubadilisha shuka lake. Halikutoka. Lilikuwa limegandia godoroni kwa utomvu.