Chokaa Jichoni mwa Lalmuni

Hapa kwetu Bihar, India, mwanamume akimaliza kula husugua tumbaku kiganjani na kuitia chokaa. Chokaa hiyo huuzwa ndani ya tyubu ndogo laini. Mimi yangu nilizoea kuiacha kitandani. Mke wangu Phulesari alinigombeza kwa hilo mpaka alipofariki. Baada yake hakuna aliyenigombeza, na kugombezwa huko nakutamani mpaka leo.

Siku moja binti yetu Lalmuni, wa miaka mitano, aliiminya ile tyubu. Ikapasuka. Chokaa ikamrukia jicho la kulia.

Alilia akimwita mama yake. Nilikimbilia ndoo. Mama yangu akanishika mkono.

"Girdhari, una wazimu? Chokaa na maji huchemka. Utampika jicho. Lete samli."

Niliamini. Nimepaka nyumba chokaa tangu utotoni. Nikachukua samli.

Jirani yetu Ramdulari, mhudumu wa afya wa kijiji, aliingia bila hodi.

"Weka chini, kaka. Samli ni ya mkate."

"Maji yatachemka, dada."

"Inayochemka ni ile ya mawe, ambayo haijatiwa maji. Hii ilishachemka zamani, sasa inalila jicho. Na hata ile ya mawe ikiingia jichoni, dawa ni maji mengi, sasa hivi."

Tulimlaza penye pampu, jicho bovu likiwa upande wa chini. Nilimfungua kope. Ramdulari akamimina.

"Inatosha?"

"Bado. Nusu saa, kaka. Mikono ikichoka, tubadilishane."

"Na akichomwa na kijiti?" mama aliuliza.

"Hapo usioshe, usichomoe, usibonyeze. Funika kwa kikombe kisichogusa jicho, ukimbie hospitali."

Lalmuni alimwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Na mimi nilimwita Phulesari, kimoyomoyo.

Hospitalini, daktari alipindua kope, akatoa chembe za chokaa na kuosha tena.

"Mliosha nyumbani?"

"Nusu saa."

"Ndiyo maana lipo jicho la kutibu."

Tumbaku sijaacha, nisiwadanganye. Lakini chokaa sasa imo ndani ya kopo lenye kifuniko, juu asikofika mtoto.

Tulitia dawa wiki saba. Siku ya mwisho daktari alimziba Lalmuni jicho la kushoto, lile zima.

"Unaona nini?"

Lalmuni aligeuza uso kwangu.

"Namwona baba," alisema. "Hajanyoa."

Daktari akacheka. Mimi nilisogea karibu, anitazame zaidi.