Mélissa Hakuja Kuwa Yaya

Theluji ya Rexdale, mtaa wa Toronto, ilikuwa imegeuka tope jeusi. Alfajiri, giza likiwa bado dirishani, Spéciose alikuwa mlangoni akivaa viatu vya kazi. Alikuwa mfanyakazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe, Josaphat, alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, kwenye ghala moja la Downsview.

"Mélissa, maharage nimeloweka. Brice akiamka mpe uji. Na zile nguo uzikunje."

"Na darasa langu, shangazi?"

"Utakwenda kesho, mwanangu."

Kesho hiyo haikuwahi kufika.

Mélissa alikuwa binti wa kaka yake Spéciose, mzaliwa wa Ubelgiji, na umri wake ulikuwa miaka kumi na tisa. Alikuja Toronto kwa kibali cha kazi wanachopewa vijana. Mapatano yalikuwa mepesi. Asubuhi asome Kiingereza. Mchana amwangalie Brice, mtoto wa miaka miwili. Apewe chumba, chakula na posho.

Lakini zamu za wazazi ziliongezeka. Mchana ukawa siku nzima. Wageni wa kanisani walikuja, wakala, wakaimba, wakaondoka. Vyombo vikamngoja Mélissa. Na nani angehesabu saa za mtoto wa ndugu? Kwao Spéciose, kule Uvira nchini Kongo, hilo lingekuwa aibu. Yeye mwenyewe alilea watoto wa dada yake hivyo hivyo, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Alasiri hiyo Spéciose alirudi, akapokewa na harufu ya maharage yaliyoungua. Mlango ulikuwa wazi. Mélissa alikuwa amelala juu ya rundo la nguo, shati la Josaphat bado mkononi.

Brice hakuwepo.

Spéciose alipiga ukelele ulioamsha jengo zima. Alikimbilia kwenye lifti, na lifti ikafunguka. Ndani alisimama jirani yao Gulnar, mama mtu mzima mzaliwa wa Mwanza. Alikuwa amemfunika Brice kwa koti lake. Miguu ya mtoto ilikuwa mitupu, imekuwa baridi kama chuma.

"Nimemkuta chini, amebandika viganja kwenye kioo cha mlango wa nje," alisema Gulnar. "Angetokea mtu mmoja tu wa kuufungua, Mama Brice. Mmoja tu, na mtoto angetoka barabarani."

Waliporudi ndani, Spéciose alimgeukia Mélissa. "Ungeniulia mtoto!"

Mélissa hakujitetea. Alisema kwa sauti ndogo, "Nataka kurudi kwa baba."

Gulnar alivuta kiti. Kwa miaka mingi alikuwa akifanya kazi ya kuzitafutia familia yaya.

"Mama Brice, huyu binti umemleta kama nani?"

"Ni mwanangu! Damu ya kaka yangu!"

"Mwanao mbona hasomi?"

Spéciose alimchukua Brice, akaanza kumsugua miguu.

Josaphat alikuwa ameingia, kofia bado kichwani. "Mama Gulnar, sisi si wazungu. Ndugu hatumwandikii mkataba."

"Basi kazi mnampa ya mtumishi, malipo mnampa ya ndugu!" Gulnar alimkatiza. "Chagueni moja."

"Ubelgiji msichana kama mimi anaitwa au pair," Mélissa alisema, macho chini.

"Ndiyo. Au pair ni kijana anayekuja kuishi na familia, ajifunze lugha yao na maisha yao. Anasaidia saa chache, kisha ana muda wake. Yaya ni mtu ambaye kazi yake ni kulea. Ana uzoefu. Ana saa ya kuanza na ya kumaliza. Mtoto akipaliwa, anajua la kufanya. Ninyi mko nje kutwa. Mnahitaji yaya, au kituo cha kulelea watoto."

"Kwa hiyo au pair halazimiki kulipwa?" Josaphat aliuliza.

"Usifurahi mapema, baba. Canada haina kibali maalumu cha au pair. Ukimwajiri mtu akulelee mtoto nyumbani, hata kama analala kwako, sheria ya Ontario inamhesabu mfanyakazi. Ana mshahara wake, ana mapumziko yake. Andikeni: kazi gani, saa ngapi, siku gani anapumzika. Kuandika si kumkana ndugu."

Spéciose aliitazama mikono ya Mélissa. Ilikuwa imepasuka kwa sabuni. Aliwahi kuwa na mikono kama hiyo, jikoni kwa dada yake.

"Nisamehe, mwanangu. Usiende."

"Sijui, shangazi," alijibu Mélissa. Akavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, akalifunga, akaliweka karibu na mlango.

Kupitia Gulnar walimpata Nazira, yaya mzoefu kutoka Kingsview Village, mtaa wa jirani. Kabla ya kumwajiri waliwapigia simu wazazi aliowahi kuwalelea watoto. Wakaandikiana naye. Wakaandikiana na Mélissa pia: darasa asubuhi, Brice kwa muda mfupi jioni, Jumapili mapumziko. Josaphat akaanza kuosha vyombo vya wageni wake, akinung'unika.

Sanduku lilibaki mlangoni majuma mengi. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Na tangu siku ile Brice aliogopa lifti. Kila ilipofunguka alilia, akakunja vidole vya miguu.

Jumapili moja ya mvua alilia hivyo tena, kanisa likiwasubiri. Mélissa alitoka chumbani, akavaa buti.

"Leo ni siku yako ya kupumzika," Spéciose alimkumbusha.

"Najua, shangazi. Hii si kazi."

Alimshika Brice mkono, wakashuka kwa ngazi, polepole. Spéciose aligeuka kufunga mlango. Ndipo alipoona kwamba sanduku halipo tena pale. Alichungulia chumbani kwa Mélissa: lilikuwa limerudishwa chini ya kitanda.